Nyuzi Nne za Jumanne

Wembley, London
16 Machi 2025

Mpendwa mdogo wangu Sesilia,

Shikamoo ya Mama nakutuma wewe uifikishe. Goti lake linaendeleaje tangu abadilishiwe dawa? Sisi hatujambo. Laurean amerudi kazini baada ya mafua ya wiki nzima. Mwanetu Angel anakua, ukimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila anakujibu kwa Kiingereza.

Nimefurahi kwamba kiwanda chenu cha maziwa kimekukabidhi kazi ya kukiandaa kipate cheti cha ubora cha ISO. Umeniomba fomu tunazotumia hapa. Fomu si zangu kuzitoa. Badala yake nikueleze jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani.

Unajua kazi yangu pale kiwanda cha chakula Southall ni kupima joto la vyumba vya baridi mara tatu kwa siku na kuandika. Jumanne moja mwezi wa kwanza mwenzangu aliumwa, nikabaki na kazi ya watu wawili. Kipimo cha mchana kikanipita. Jioni nikaona nafasi iko tupu, nikaandika nyuzi nne za joto, kama siku zote, nikatia sahihi. Wala moyo haukunishtuka.

Wiki tatu baadaye akaja mkaguzi, mama mmoja mpole. Akaweka karatasi mbili pamoja, yangu na ya kipimajoto. Kumbe mchana ule kipimajoto chetu kilipelekwa kuhakikiwa usahihi wake, kikarudi saa kumi, nami sikuwa na habari. Akauliza: hizo nyuzi nne zilipimwa kwa kitu gani?

Msimamizi wetu, Kuldip, Mpunjabi mzaliwa wa Nakuru, akaniwahi kujibu. Akasema labda nilitumia kipimajoto cha jikoni. Alikuwa ananiokoa. Ningeitikia kwa kichwa tu, mambo yangeisha.

Nikasema, "Hapana. Sikupima. Nilibuni."

Mkaguzi akaniuliza, "Na siku nyingine?"

Nikamwambia hakuna nyingine. Lakini Sesilia, angejuaje? Namba zangu za mwaka mzima, zote za kweli, zikaanza kutiliwa shaka kwa ajili ya ile moja. Hilo liliniuma kuliko barua ya onyo niliyopewa. Cheti chetu cha ISO nacho kikazuiwa mpaka turekebishe.

Baadaye Kuldip akanifuata. "Sasa mama, mbona hukuniambia umezidiwa?"

"Nilikwambia asubuhi. Ukasema nijitahidi."

Siku hizi mtu akiumwa analetwa wa kushika nafasi yake, na cheti tumekipata juzi.

Wewe sasa ndiye utakayeletewa karatasi hizo. Usiangalie tu kama zimejazwa. Jiulize kama watu wako wanaweza kukuletea yenye pengo bila kukuogopa.

Wiki iliyopita mashine moja iliharibika, nikashughulika nayo, kipimo kikanipita tena. Nikaandika "haikupimwa", nikampelekea Kuldip. Akaisoma, akachukua kipimajoto, akaingia mwenyewe chumba cha baridi bila hata koti.

Nisalimie Mama, shemeji Godson, na shangazi Placida. Mungu awalinde ninyi nyote, akupe na wewe ujasiri katika kazi yako mpya.

Dada yako akupendaye daima,
Elinaja