Kibuyu cha Mama Ndani ya Kioo

Mjukuu wangu Makena,

Huku Ruiri tuko wazima. Ng'ombe amezaa, na shangazi yako bado anaongoza kwaya, Mungu atusaidie.

Umeniuliza kama nitakubali kufundisha watoto kushona vibuyu vilivyopasuka likizo hii, kule makumbusho ya Meru. Nilienda kwanza kuangalia mahali. Kwenye maonyesho yao mapya nikakuta kibuyu cha mama yangu ndani ya kioo. Nilikijua kwa mshono. Kilipopasuka nikiwa mdogo nilikishona mwenyewe kwa katani, na mishono mitatu ya mwisho ikaenda upande kama mlevi.

Wakati wa Imajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, siku tuliyofukuzwa nyumbani kupelekwa kijiji kilichozungushiwa handaki, chifu alikinyakua mgongoni mwa mama. Niling'ang'ania kamba yake.

"Usiguse," akaniambia.

Sasa maandishi pale yanasema ni zawadi kutoka kwa familia ya chifu. Nilisoma mara mbili, nikidhani ni miwani. Nikaweka kidole kwenye kioo nimwonyeshe msichana anayehudumu pale ile mishono.

"Nyanya, tafadhali, usiguse," akasema.

Alikuwa na adabu, kwa hivyo sikumtukana. Nilimwambia nitafundisha. Watoto watashona wakiwa wamekaa mbele ya kioo kile, na mishono mitatu ya mwisho nitawaambia waipindishe. Halafu watasimama walinganishe, wasome yale maandishi kwa sauti, na waniulize nani amedanganya.

Nyanya yako,
binti wa Karimi, mwenye kibuyu