Kitako cha Kikapu Chako

Mama yangu,

Nimekipata. Naanza na hilo kwa sababu hukupenda mtu anayezunguka na maneno. Kikapu chako cha mwisho kiko hapa mezani, nimekigeuza chini juu, na machozi hayakauki tangu asubuhi.

Tangu tukuzike kule Kyondo sijasuka hata kimoja. Watu wanadhani ni msiba. Ni msiba, ndiyo, lakini ni aibu pia: sijui kuanza. Miaka yote wewe ulianza kitako, ukanirushia, mimi nikapandisha ubavu hadi mdomoni. Nikikuomba unifundishe mwanzo, unasema, "Bado, utaniharibia rafia." Bado, bado, mpaka ukaondoka. Wenzako wamejaribu kunifundisha, Mungu awabariki, lakini wao wote husukia mkono wa kulia. Wewe ulikuwa wa mkono wa kushoto, mizunguko yako inakwenda kinyume, na vidole vyangu havijui njia nyingine. Kila nikianza kama wao, kitako kinajikunja kama sahani ya plastiki karibu na moto.

Nikasema nitafute kimoja chako nikisome. Nyumbani hamna. Mfinyanzi hulia gaeni. Sisi maharage yetu yanakaa kwenye ndoo. Kilikuwa kimebaki kimoja tu, na hicho nilikitoa mwenyewe. Baada ya mazishi, vikapu vilivyoletwa vikiwa na unga na maharage vilirundikana uani, tukawa tunawarudishia wenyewe. Mama mmoja wa Mahango akaulizia chake, nikampa kilichokuwa karibu. Sikukigeuza. Mimi, mtoto wako! Nilipomfuata, alikuwa ameshakiuza. Nimejitukana mpaka matusi yameniishia.

Maana kugeuza ndiyo ilikuwa starehe yetu. Unakumbuka Jumamosi zetu Kasese? Unavaa gauni lako la gomesi la kanisani, tunaingia duka hili la kazi za mikono, tunatoka tunaingia lile, hatununui kitu, tunatazama tu mpaka miguu inauma. Kwenye picha za milima ulikuwa mkali: "Huyu hajapanda huko. Theluji gani hii, iko kama unga ya muhogo?" Ukifika kwenye vikapu, adabu yote kwisha. Baba alituachia Kiswahili cha kambi ya jeshi nawe ulikitumia chote: "Masika, geuza! Sura inadanganya. Angalia kitako yake!" Siku ile ya maonyesho mlinzi akatufokea mbele za watu, "Mama, hapana gusa!" Ukamjibu, "Afande, hii nilizaa mimi." Na kweli kilikuwa chako. Tulicheka mpaka steji ya bodaboda.

Sasa nazunguka peke yangu. Nimemaliza maduka yote ya Kasese, nimekwenda kwenye kila maonyesho niliyoyasikia, nimeinua vikapu vya watu mpaka wakaanza kunong'onezana nikiingia. Vizuri vilikuwapo, Mama. Kimoja cha zambarau ungekinunia siku mbili kwa wivu. Sikufurahi hata kidogo. Vyote vilikuwa vya mkono wa kulia.

Jana nikashuka Bwera, sina tumaini lolote. Karibu na mpaka, nyuma ya wanaobadilisha pesa, kuna mama wa Kongo anauza vinyago na vitenge. Alikuwa na kikapu kimejaa vijiko vya mbao. Nikavimwaga bila hata kuomba ruhusa, nikakigeuza. Mizunguko ya kushoto. Na katikati uzi mmoja mweusi, alama yako. Nikakaa chini palepale.

"Mutoto, uko mugonjwa?" akaniuliza. Nilipomweleza, akaokota vijiko vyake kimoja kimoja, akasema, "Beba. Kitu ya mufu mimi siwezi uzisha."

Ningepaswa kufurahi. Lakini nimekitazama mpaka macho yananiwasha na sioni ulivyoanza. Umeufunika mwanzo kwa nyuzi, kama kila fundi. Ili niuone, lazima nikifumue kutoka mdomoni, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka katikati. Nikikifumua, sitabaki na kikapu chako hata kimoja. Nisipokifumua, mkono wako umekufa pamoja nawe. Nifanye nini, Mama? Nimekuuliza tangu asubuhi. Wewe ambaye hata kanisani hukunyamaza!

Basi nimechukua wembe. Ubavu ni kazi yangu. Huo nitaufumua bila huruma. Nikifika kwenye kitako nitauweka wembe chini, nitumie vidole, nitazame kila uzi ulikopita. Kisha nitakisuka upya kwa rafia ileile, na mwanzo nitauanza mwenyewe. Nakuahidi. Kikijikunja, nitafumua nianze tena. Na binti yangu akiniomba nimfundishe, sitamwambia bado.

Pumzika, Mama. Nisamehe kwa ninachokwenda kufanya. Naogopa sana.

Nimekata uzi wa kwanza. Ulikuwa wangu.

Mwanao,
Masika