Ulipomwagika Gilgil

Baba Ester,

Sikuulizi hali, maana hali yako nimeiona kwa macho yangu. Mimi nipo. Ester yupo, na mdogo wake Rebeka yupo, ila kila lori likinguruma bado anakimbilia dirishani, nami nimechoka kumwambia arudi akae.

Nimetoka Mombasa. Ndiyo, mimi, uliyenicheka kwamba natapika hata kwenye gari la kwenda Njoro. Nimekwenda na Selina, jirani yetu muuza uji, juu ya lori la rafiki yako Okumu. Sikwenda kutembea. Ndugu yako Jotham alituma neno kutoka Maragoli: mtu wa kwao haachwi ugenini. Kwa kuwa mwili haukuweza kurudi, uje udongo wa kaburi lako, uzikwe bomani kando ya baba yenu. Mpaka hapo hujarudi nyumbani, na mke wa mtu ambaye hajarudi hajengewi nyumba. Chumba hiki cha Nakuru kilikuwa cha kazi yako, unajua. Mwenye lori amekwisha kukitoa kwa dereva mwingine, na mwisho wa mwezi lazima nitoke. Kwa hiyo udongo ule ulikuwa wewe, na ulikuwa pia paa la watoto wako.

Tulisafiri kwa maneno yako. Unakumbuka ulivyojifanya mwalimu wa kila mtu aliyetaka kuona bahari na mfukoni hana kitu? Unakaa mlangoni unatafuna muwa, unafundisha. Keti nyuma ya kichwa cha lori, ukikaa mkiani utakula vumbi la nchi nzima. Chemsha viazi vitamu, kaanga mahindi, chakula kiwe cha wote, na anayeficha chake ashukie Voi. Chai ya njiani usinunue, ni maji yaliyoonyeshwa majani. Mtito Andei lala juu ya mzigo, usilale chini ya gari, simba hajali kama una nauli. Na askari akikuuliza, mpe jibu la jikoni, fupi, la sufuria na watoto, atachoka akuache.

Yote yalikuwa kweli. Njia nzima nilitafuta nikukamate na uongo, hata mmoja, nipate mtu wa kumkasirikia. Viazi vilitutosha. Chai ya Voi Selina aliinunua kwa ubishi wake, akaonja, akanipa mimi, nikaimwaga. Mzigo wa Okumu ulikuwa magunia ya ule unga mweupe wanaouchimba Kariandusi, nasi tulifika Mombasa weupe mpaka kope. Selina alicheka alipojiona kwenye kioo cha lori. Nilicheka naye, kisha nikalia, na machozi yakachora njia usoni, akacheka tena, masikini, hakujua afanye nini.

Okumu alitupeleka Majengo, kwa Mzee Salim aliyekukodisha kitanda. Ndiye aliyenieleza. Homa ilikushika ukisubiri mzigo, na kesho yake ulikuwa huwezi kusema. Uliitwa Juma, hukuwa na mtu wa kukusemea, wakadhani wewe ni wa dini yao. Walikuosha, wakakuvika sanda, wakakuzika siku ileile bila sanduku. Mzee mwenyewe alishuka kaburini kukupokea. Okumu alipomwambia kwamba wewe ulikuwa mtu wa kanisa, mzee alishika kichwa. "Mwanangu, tumekukosea?" Nilimwambia hapana. Nimewakasirikia watu wengi kwa kifo chako, lakini yule siwezi. Alinichotea mchanga kwa mkono wake, nikaufunga kwenye kitambaa changu cha kichwa, kile cha harusi ya dada yangu.

Kurudi nilikupakata. Nilikula kwa mkono mmoja. Kwenye baridi ya Kijabe nilikuingiza ndani ya sweta. Nilikuwa nakusemesha, Baba Ester, mambo ya watoto, ya paa linalovuja, na Selina alijifanya amesinzia ili nisione haya.

Kisha Gilgil. Karibu tu na nyumbani! Tayari nilikuwa nafikiria maji ya kuoga.

Kuna kizuizi pale sasa. Toka hali ya hatari itangazwe, wanashusha watu, wanapekua. Na siku hizi mtu akikutwa na udongo kwenye kitambaa anadhaniwa amebeba kiapo cha watu wa msituni. Nilijua, kila mtu anajua, na bado sikufikiri habari hiyo kwa sababu mimi sikuwa nimebeba udongo, nilikuwa nimekubeba wewe. Askari mmoja, kijana, alifungua mafundo. "Mama, hii mchanga ni ya nini?"

Nilinyoosha mikono nikichukue kitambaa. Selina, kwa moyo wake mzuri, akakumbuka mafundisho yako. "Ni ya kusugua sufuria, afande. Ya Mombasa inatoa masizi vizuri."

Askari akacheka. Hakuwa mbaya, nataka ujue hilo. Akasema, "Kama ni ya sufuria utapata ingine mtoni," akageuza kitambaa.

Ukamwagika. Katikati ya barabara, Baba Ester. Upepo wa upande wa Elmenteita ulichukua sehemu yako, nikaona inavyokwenda. Nilipiga magoti nikaanza kukukusanya kwa viganja. Lakini mchanga wako ulikuwa mweupe, na unga wa Kariandusi uliodondoka kwenye lori ulikuwa mweupe, na vumbi la Gilgil limo kote. Sikuweza kukutofautisha. Mimi, niliyekuwa nakutambua kwa kikohozi ukiwa bado mbali na mlango.

"Wacha hiyo, mama, ni mchanga tu," askari akasema. Okumu alikuwa ameshuka, amevua kofia. Akamwambia kwa sauti ya chini, "Huyo ni bwana yake." Yule kijana akatazama chini, akaona amesimama juu yako. Alirudi nyuma polepole. Kisha akainama, akavua buti, akaligonga soli juu ya kitambaa changu mpaka hakikuanguka kitu tena. Sikumshukuru.

Selina hajapika uji tangu turudi. Nilimwendea, nikamwambia simlaumu, ameshika tu maneno yako. Wewe ndiye ninayekulaumu. Ulikuwa na jibu la kila kitu kwa kila mtu, na mimi umeniacha bila hata moja.

Okumu anasema nisimwambie Jotham. Anasema udongo ni udongo, nani atauchungulia. Naye akipita pale siku hizi hupunguza mwendo na kuvua kofia, utingo wake ameniambia. Lakini nikinyamaza, nitakuwa nimekaa katika nyumba iliyojengwa juu ya jambo ambalo utingo yeyote anaweza kulitamka kilabuni. Na Jotham akilijua, namjua. Atasema nimemwaga ndugu yake barabarani, kwamba kilicho kwenye kitambaa si mtu bali takataka za njia. Hatachimba. Na asipochimba, hakuna nyumba.

Kesho tunapanda basi la Maragoli, mimi na wasichana. Nitamwambia yote mbele ya wazee, tangu Mzee Salim mpaka buti la askari. Wakikukubali, nitashukuru Mungu. Wakikukataa, najua kwetu mwanamke hashiki jembe la kaburi. Nitalishika. Nitakuzika mwenyewe kando ya baba yako, mchana, watu wote wakitazama, wewe na Gilgil uliyoingia nayo, kisha nitakaa hapohapo na watoto wako mpaka mtu athubutu kunitoa.

Kwaheri, Juma wangu. Tulia kwenye kitambaa. Nimekifunga mafundo mawili.

Mama Ester