Kabla Hujaachia Ubao

Bi Mwanakhamisi, shikamoo. Mimi ni msomaji wako wa Mafinga, jina langu lifiche tafadhali, na kama inawezekana nijibu kabla ya Jumamosi maana siku hiyo nimepanga kuondoka. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nabeba mbao kwenye kiwanda cha kupasua magogo, na kazi yetu tunaifanya wawili wawili, mmoja anashika mwanzo wa ubao mwingine mwisho, mwenzangu ni mama mmoja nitamwita Joyness, mwaka wa tatu sasa tunabeba pamoja, na ndiye aliyenifundisha kwamba huachii ubao mpaka useme "naachia", kwa sababu ukiachia kimya unamvunja mwenzako mguu.

Sasa pale kazini ofisi inatukopesha, riba hakuna, wanakata kidogo kidogo kwenye mshahara, ila lazima upate mdhamini, na sisi wabebaji tumezoea kudhaminiwa na yule yule tunayebeba naye, basi nikakopa laki nne, Joyness akaweka dole gumba kwenye karatasi ya udhamini bila hata kuuliza hela ni za nini, nikanunua randa ya umeme na misumeno, maana nimechoka kubeba mbao za watu, nataka niwe fundi seremala na hapo sirudi nyuma. Nimekatwa miezi minne, elfu arobaini kila mwezi, imebaki laki mbili na arobaini. Juzi fundi Amos wa Mbeya kanipigia, karakana yake ina nafasi, niripoti Jumatatu, vifaa nimeshavitanguliza kwa lori. Nimepanga Jumamosi nikipokea mshahara nipande basi nizime simu.

Kinachoninyima raha ni kwamba nikitoroka watamkata Joyness, na yeye anasubiri Januari akope mwenyewe, mwanae anaingia kidato cha kwanza, na mdhamini aliyebebeshwa deni la mwenzake hakopeshwi. Najiambia nitamtumia nikishatulia. Jana kutwa nzima nimeshindwa kumtazama usoni, akaniuliza, "We mdogo wangu, unaumwa?" nikamwambia mafua. Bi mkubwa, nikose nafasi hii kwa ajili ya karatasi moja?

Mbeba mbao, Mafinga

Marahaba, mwanangu. Nenda Mbeya. Nalisema hilo mapema usije ukadhani nataka ubebe mbao mpaka uzeeke. Mwanamke aliyekopa akanunua randa badala ya kitenge cha harusi ya jirani ana akili, na mimi nimefurahi kukusoma.

Ila hiyo ya kuzima simu umenikera. Karatasi moja, unasema, huna hata haya! Kwenye karatasi hiyo kuna dole gumba la mama aliyekuamini bila kuuliza swali. Na hilo la "nitamtumia nikishatulia" nimelisoma kwenye barua nyingi, mara zote likiwa limenukuliwa na yule aliyeachiwa deni. Wewe ukifika Mbeya utadaiwa kodi ya chumba, utataka godoro, utataka sufuria, na Januari itafika hujatulia.

Kwa hiyo sikiliza. Nenda ofisini kabla ya Jumamosi, uombe wakuandikie deni lililobaki. Waambie wakate sehemu kubwa ya mshahara huu wa mwisho, ubaki na nauli na chakula cha wiki mbili. Kilichobaki andikishaneni utalipa kwa simu kila mwezi, kiishe kabla ya Januari, na dhamana ya Joyness ifutwe. Wakikataa kuifuta, mpigie fundi Amos umweleze ukweli, umwombe awe mdhamini wako mpya, na akukate yeye huko huko karakanani. Fundi anayetaka mtu mwaminifu atakuelewa. Akikataa naye, iuze hiyo randa huko huko Mbeya ulipe, uanze kwake kwa kutumia vifaa vyake. Itauma, lakini randa nyingine utaipata.

Mkopo wa kazini ni mzuri kwa sababu mnyonge anakopeshwa kwa neno la mnyonge mwenzake. Ukitoroka wewe, kesho hakuna mbebaji pale atakayekubali kumdhamini mwenzake, na ofisi itafunga dirisha.

Bado jambo moja, nalo ndilo unaloliogopa. Wa kwanza kuambiwa asiwe karani wa ofisi. Kesho asubuhi, kabla hamjainua ubao wa kwanza, mwambie Joyness kila kitu, na hilo la mafua pia. Atakasirika, pengine atalia, wewe simama hapo hapo umsikilize. Neno la kusema alikufundisha mwenyewe. Liseme angali ameshika upande wake.