Kisanduku Alichoniachia Sista Beatrice

Alhamisi, baada ya alasiri.

Joto limeikalia Maskati kama kifuniko cha sufuria, na mimi humo ndani natokota. Nimejifungia chumbani. Mama amegonga mara mbili kuuliza kama nitakula, nikamwambia nimeshakula. Sijala. Nina hasira kiasi cha kushindwa kutafuna.

Namchukia Sista Beatrice. Naandika hivyo hivyo, bila kutia sukari.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: nasomea kazi ya chumba cha upasuaji. Si udaktari, ingawa Mama huwatangazia watu hivyo kila harusi, wala si uuguzi. Mimi ni yule anayeosha mikono mpaka viwikoni, akavaa gauni na glavu, akapanga vyombo mezani na kumpa daktari kisu, koleo au uzi kabla hajamaliza kukitaja. Shangazi yangu aliposikia aliuliza, "Kwa hivyo miaka yote hiyo unasomea kumpa mtu mkasi?" Ndiyo, Shangazi. Siku ukipasuliwa wewe, utaomba Mungu huyo mtoa mikasi awe amesoma.

Sheria ya kazi yetu ni moja na haina huruma. Kilichotakaswa hakigusani na kisichotakaswa. Mwili wa mgonjwa ambao haujapakwa dawa, pua yako mwenyewe, ukuta, vyote ni vichafu kwa hesabu zetu. Mwalimu wa darasani hutuambia ni kama udhu: ukitenguka unajua wewe mwenyewe, na hungoji kuambiwa, unakwenda kutia upya. Ukigusa pasipo pake unasema palepale, unabadilisha glavu, kazi inaendelea. Hakuna mtu anayefukuzwa kwa kusema.

Muhula uliopita nilianguka mtihani wa vitendo. Leo ilikuwa mara yangu ya pili, na ya tatu haipo. Ukianguka mara mbili unaondoka. Na anayetutahini hospitalini ni nani? Sista Beatrice.

Sista Beatrice ni muuguzi Mkenya, yuko hapa miaka na miaka, na sijawahi kumwona akicheka. Wiki yangu ya kwanza alinirudisha kwenye sinki mara nne kwa sababu niliteremsha mikono chini ya kiuno. Mara nne, wenzangu wakiwa wamesimama wananitazama. Akinisemesha Kiswahili chake cha bara, mimi namjibu kwa Kiingereza, makusudi, ili ajue sitaki mazoea. Sisi wanafunzi tumekubaliana kwamba anatubana kwa husuda, maana kila Mwomani anayefaulu ni mkataba wa mgeni mmoja unaokaribia kwisha. Sijui kama ni kweli. Nimeishikilia dhana hiyo kwa sababu inanistarehesha.

Mgonjwa wa leo alikuwa Bi Raya, bibi wa miaka sabini na kitu, anabadilishwa goti. Asubuhi nilikwenda kumpokea kabla sijaosha mikono. Aliponisikia nasema Kiswahili alinikamata hapohapo.

"We mtoto wa nani?"

Nikamtajia baba yangu. Hakutosheka, akataka jina la bibi yangu. Nilipomtajia akaanza kulia, kumbe wamecheza pamoja Unguja, mtaa wa Malindi, kabla watu hawajahamia huku Oman. Akaninyooshea mkono, nikaubusu. Ndivyo tulivyolelewa. Mkono wa mkubwa ukinyooshwa hauachwi hewani, hata kama una kikombe cha chai ya moto mkononi utajua mwenyewe pa kukiweka.

Alidungwa sindano ya mgongo, ile ya kufisha miguu tu. Kwa hiyo alikuwa macho, anasikia kila kitu, anatetemeka. Mimi nilikuwa nimeshavaa, meza yangu nimeipanga, na wallahi ilikuwa nzuri. Nilikuwa namfunika kwa shuka zilizotakaswa, niko upande wa kichwani, mkono wake ulipochomoka chini ya shuka.

"Nipe mkono, mwanangu. Nnaogopa."

Nikampa.

Sikufikiri. Mkono wangu ulikwenda wenyewe, ukashika vidole vyake vya baridi, ukaviminya. Kisha nikakumbuka niko wapi na nimevaa nini.

Nikatazama huku na huku. Daktari alikuwa amenipa mgongo, anafungwa gauni. Wa dawa za usingizi alikuwa anaangalia mashine yake. Sista Beatrice alikuwa mbele ya kabati la vioo akitoa nyuzi, naye amenipa mgongo. Hakuna aliyeona.

Hapa ndipo ninapotaka kuongopa hata humu.

Ningeweza kuandika kwamba nilichanganyikiwa, au kwamba niliganda kwa hofu. Hapana. Nilipiga hesabu, tena nikiwa na akili zangu timamu. Nilijiambia: nikisema, ataandika, na ananingojea niteleze tangu siku ya kwanza. Nilijiambia glavu haikuchanika na mkono wa bibi ulikuwa msafi, ameoga, ni mtu wa sala tano. Nikarudi mezani kwangu na kwa mkono uleule nikazisogeza koleo mbili zikae sawa.

Goti si kidonda cha kidole. Vijidudu vikiingia kwenye chuma wanachokiweka mle ndani, mtu hufunguliwa tena na tena, na wengine hawatembei tena. Nilijibu swali hilo vizuri sana kwenye mtihani wa maandishi.

Sista akaja akasimama upande wa pili wa meza. Akasema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, na daktari hajui Kiswahili hata salamu.

"Uko na kitu ya kuniambia?"

Nikamtazama macho makavu. Kwa mara ya kwanza tangu tujuane nikamjibu Kiswahili.

"Hamna."

Akangoja. Halafu akageuka kwa daktari akamwambia kwa Kiingereza kwamba meza imeingia uchafu, vyombo vyote vinatolewa, tunaanza upya. Hakusema nani wala vipi. Daktari akaguna, "Yalla, yalla," yaani tufanye upesi. Wa dawa za usingizi akaangalia saa, kwa sababu sindano ya mgongo haikai milele.

Njia ya mwongo fupi, lakini yangu haikufika hata mlangoni.

Nusu saa nzima. Vyombo vikatolewa, vikaletwa vingine, nikarudi kuosha mikono, nikavaa upya, nikapanga upya. Bi Raya amelala pale chini ya mataa, anasoma Ayatul Kursi, anauliza kila mara kama wameshamaliza. Nilimchukia Sista kila dakika ya nusu saa hiyo. Nilimwona mchawi. Nilisema moyoni kwamba angeweza kuniambia, "Badilisha glavu," kabla sijafika mezani, na badala yake akaniacha nijitie kitanzi.

Upasuaji wenyewe ulikwenda vizuri. Sikukosea hata chombo kimoja, na hilo nalo lilinikera, kwa sababu nilijua haliniokoi.

Baadaye alinikuta kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi, nilikuwa na majibu yangu yamepangwa foleni.

"Ule mkono niliuona kwa kioo cha kabati," akasema. "Mkono ni makosa ya kawaida. Hata mimi, shosho, bibi kama yule, angeniitisha mkono, pengine ningempa. Nilikuwa nangojea mdomo."

Akanipa fomu yangu ya mtihani. Kuosha mikono, vizuri sana. Kupanga meza, vizuri sana. Kujua vyombo, vizuri sana. Yule mwanamke kanipa alama ambazo hajampa mtu darasani kwetu, saini yake iko chini. Kisanduku kimoja tu amekiacha kitupu: mwanafunzi aliripoti kosa lake mwenyewe, ndiyo au hapana. Kila mtu anajua kisanduku hicho. Hapana moja hapo, hata ukiwa na mia kila mahali, umeanguka.

"Hiyo jaza wewe," akasema. "Jumapili, wiki ikianza, niipate." Akaenda zake kula.

Mnaona ubaya huo? Si angeandika yeye, nimchukie kwa raha zangu? Nikitia ndiyo, nimefaulu, na hakuna ushahidi ila macho yake kwenye kioo. Saini ameshatia. Sijui kama atanyamaza au atanigeuka. Nilikaa garini kwenye uwanja wa hospitali, gari limekuwa tanuri, nikimtukana kwa lugha zote tatu ninazozijua.

Kabla sijaondoka nilipita wodini kumwangalia Bi Raya. Bora nisingekwenda. Alikuwa amezungukwa na binti zake, akawaambia, "Huyu ndiye mwenyewe." Akanishika mkono mbele yao. "Wengine wote walinipa migongo, mjukuu wangu. Wewe ulinipa mkono. Allah akuhifadhi, akupe kheri ya dunia na akhera." Binti zake wakaitikia amin. Mmoja akanipa halwa.

Nikaitikia amin na mimi. Ningesema nini? Kwamba ile nusu saa ya baridi na woga niliisababisha mimi? Kwamba kwa mkono uleule anaouombea dua nilikuwa tayari kumwekea vijidudu gotini, kisha niende nyumbani kulala?

Nimeandika haya yote ili nisiitazame ile fomu. Iko hapa kitandani, imeanza kujikunja pembeni kwa jasho la mkono wangu.

Nimejiuliza swali moja tangu nifike. Kama lile kabati lingekuwa la mbao, asinione mtu, ningesema? Nimejaribu kulijibu kwa adabu, nimejaribu kwa kujihurumia, nimejaribu kumsingizia Sista na mkataba wake. Jibu halibadiliki.

Basi nimetia alama penye hapana.

Nimeipiga picha nikamtumia kwenye simu, upesi, kabla sijajipa ushauri mwingine. Ameshaiona.

Sijisikii mtu mwema. Najisikia mjinga niliyetupa miaka miwili kwa alama ya kalamu, na hasira zangu ziko palepale, hazijui ziende wapi. Sista bado simpendi. Lakini Jumapili watu watakaponiuliza nani kakufelisha, nitalazimika kutaja jina langu. Nilitaka sana liwe lake.