Hakuna Chipukizi Mwaka Huu

Tucson, 9 Machi

Mdogo wangu Roman,

Karatasi zako za utabiri wa wachezaji zimefika. Huku michungwa imechanua, na miaka thelathini ya kukaa hapa bado haijanizoesha Machi isiyo na theluji ya kwetu Milwaukee.

Nimezisoma mara mbili, maana kuna kitu kinanitia shaka. Katika timu yetu ya besiboli, ile ya kwenye karatasi tu, ya kuchagua wachezaji wa ligi na kushindana kwa takwimu zao, ambayo wachezaji wake tunabaki nao mwaka hadi mwaka, wewe ndiye mtu wa chipukizi. Mimi hutaka mpigaji wa kutufaa msimu huu, wewe huchungulia takwimu na kusema, "Tulia, kaka, huyu ataiva baada ya miaka mitatu." Safari hii umewatia alama wakongwe watupu.

Kwanza nilidhani hatimaye umekubaliana nami. Lakini hujawahi kukubaliana nami. Nikampigia simu mkeo. Bernadine, ambaye kwa kawaida hunieleza mpaka bei ya viazi, alisema tu, "Muulize mwenyewe, shemeji." Nilipotaka kujua kama umeonana na daktari, akasema sufuria yake inafurika, akakata simu.

Basi nakuuliza. Kuna mrushaji mpira wa miaka kumi na tisa, anayetumia mkono wa kushoto. Utabiri unasema atakuwa tishio baada ya miaka minne. Nimemtia alama nyekundu, na siku ya kuchagua wachezaji nataka tumchukue, tumngoje pamoja hiyo miaka minne. Ukimkataa, niambie kwa nini, na usiniletee habari za takwimu.

Kaka yako, anayengoja jibu,
Alvin