Kisu Kilichopita Bluu

Ni mwaka umetimia sasa tangu utuache, mume wangu, baba wa watoto wetu, fundi wa kutia rangi visu vya mapambo. Karakana iko palepale nyuma ya jiko. Aproni yako bado imetundikwa kwenye msumari, na hakuna mwenye moyo wa kuifua.

Rafiki yako mhunzi alikuletea visu vikiwa vya kijivu, havina sura. Ulivipiga msasa hadi mkono ukafa ganzi, ukavizamisha kwenye tindikali, ukangoja. Michirizi ya chuma ilipoanza kujitokeza, kama mistari ya ubao, ulitabasamu peke yako. Ulikuwa mpole kwa kila mtu, isipokuwa aliyegusa kisu kwa vidole vyenye mafuta. Hapo hata dada yako alitimuliwa.

Kisha ukaja moto wa kutia rangi. Chuma kinageuka njano, kahawia, zambarau, halafu bluu; ukichelewa kidogo, kinarudi kijivu na kazi yote imekwenda na maji. Na macho yako, jamani, hayakutofautisha zambarau na bluu! Hukuona haya. Mteja akikusifu kwa jicho kali, ulimjibu, "Msifu mke wangu. Mimi bluu naisikia kwa watu tu."

Ndiyo maana uliniita kutoka jikoni: "Mama watoto, njoo uniangalizie!" Nikaja na mikono yangu yenye unga, nikasimama begani kwako, nikatazama, nikasema, "Toa!" Ukatoa. Hukuniuliza hata mara moja kama nina hakika.

Watoto wanataka nifunge karakana nikaishi nao. Wiki iliyopita nikasema ngoja nijaribu. Kilikuwa kimebaki kisu kimoja, ulichokitoa kwenye tindikali kabla hujaugua. Nikawasha moto, nikakishika kwa koleo. Rangi zikapanda, bluu ikafika, nzuri ajabu. Nikasema, "Toa!" Nikasubiri. Bluu ikapita.

Binti yetu, aliyekuja kunisalimu, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, koleo si umelishika wewe?"

"Nimelishika."

"Sasa ulikuwa unamsubiri nani?"

Tulilia wote wawili, kila mmoja kwa sauti yake.

Kisu nimekipiga msasa upya, na mhunzi ameahidi kuniletea vingine. Karakana sifungi. Nitajifunza kutoa mwenyewe, hata kama nitaharibu vingapi. Lakini upweke huu, mume wangu, ni mzito, na nyumba ni kubwa mno kwa mtu mmoja. Siku hizi nikipika siwashi redio. Najua huwezi kuniita. Siwashi tu.

Unakumbukwa na mimi mkeo, binti yako mwalimu, mwanao dereva na mkewe, dada yako, wajukuu zako, na rafiki yako mhunzi.

Siku zote za maisha yetu, tutakukumbuka.